Maganda Yaliyopasuka Bila Kupigwa: Miaka Thelathini na Minane ya Torekanda Uthaiah

Naanza kwa kuwaomba radhi wasomaji. Tangu toleo la Novemba jarida hili halijatoa neno lolote, na Bwana Torekanda Uthaiah, fundi wa silaha wa Klabu ya Shabaha ya Maletiri, alistaafu tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi, bila hata mstari mmoja wa kumuaga. Hatukumsahau. Kamati iliagiza kwamba asiandikwe, kwa wema wala kwa ubaya, hadi uchunguzi uliomhusu ukamilike, na mimi, katibu, nilitii. Uchunguzi ulikamilika wiki iliyopita. Wasifu huu umechelewa miezi minne, na msomaji ataona kwamba mkono unaouandika nao haukuwa safi kabisa katika jambo hili.

Uthaiah aliajiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili ili akate nyasi za uwanja wa shabaha. Mwaka wa pili fundi aliyemtangulia aligundua kwamba kijana huyo, akimaliza kufyeka, huokota maganda ya risasi yaliyodondoka na kuyapanga ukutani kwa kufuata urefu wa nyufa zake. Aliitwa ndani siku hiyohiyo, akaonyeshwa mizani ya baruti, na hakutoka tena kurudi kwenye nyasi.

Kazi yake kubwa ilihusu bunduki moja tu. Kila mwanachama anaijua: ile ya kale ya risasi mojamoja, yenye mtutu mpana na wenzo chini yake, ambayo waasisi wa klabu waliirithi ikiwa tayari imezeeka. Hulia mara tatu kwa mwaka, au nne kukiwa na msiba wa mwanachama: siku ya Kailpodh, sikukuu yetu ya silaha mwezi wa Septemba, tunapolenga nazi; usiku wa Puthari, sherehe ya mavuno, shuke la kwanza la mpunga linapokatwa, na siku ya waasisi. Risasi zake hazitengenezwi tena na kiwanda chochote tunachoweza kukifikia. Klabu ina maganda sitini ya shaba, na maganda hayohayo yamekuwa yakipigwa, kuoshwa na kujazwa upya tangu wengi wetu hatujazaliwa.

Anayedhani kujaza ganda ni sawa na kujaza kiberiti hajawahi kumwona Uthaiah kazini. Ganda lililopigwa leo lilioshwa leo, kwa sababu masizi ya baruti nyeusi huila shaba yakilala humo. Likishaoshwa lilianikwa, likapimwa, likachunguzwa juani. Baada ya kupigwa mara kadhaa, mdomo wake ulilainishwa kwa moto huku kitako kikiwa kimesimama ndani ya maji, maana kitako kikilainika ni hatari kwa mpigaji. Kisha lilibanwa ndani ya kalibu ili lirudie umbo lake, likatiwa fataki mpya, baruti iliyopimwa, na risasi iliyofungwa karatasi na kupakwa nta. Kazi ya risasi kumi ilimchukua siku mbili. Aliyemharakisha aliongezewa siku ya tatu.

Kila ganda lilikuwa na namba iliyochorwa kwenye kitako, na kila namba ilikuwa na ukurasa wake katika daftari. Aliyaandika maganda yake kama mwalimu anavyowaandika wanafunzi. "Namba 12: tulivu, haijawahi kunisumbua." "Namba 44: shingo ngumu, nimeionya." Mwaka mmoja kanali mgeni alipiga nazi kwa ustadi mkubwa, akashangiliwa, na kabla hajakaa kula, Uthaiah alisimamisha sherehe nzima kwa sababu namba 27 haikuonekana. Wanachama themanini walipiga magoti kwenye nyasi kwa muda wa saa moja, na nyama ya nguruwe ikapoa. Ganda lilipatikana mfukoni mwa kanali, ambaye alikuwa amelipenda. Uthaiah alilipokea, akalinusa, akampigia saluti, na tangu siku hiyo hakumwamini mgeni yeyote mwenye mifuko mipana.

Hiyo ndiyo tabia yake, na haina haja ya kufichwa. Uthaiah humshuku kila mtu. Huhesabu maganda mbele yako, na ukigeuka huyahesabu tena. Wengine walikereka. Mimi niliona afadhali ghala la baruti litunzwe na mtu wa namba hiyo kuliko na mtu mchangamfu.

Sasa nieleze kilichotokea, kwa kuwa minong'ono imeeleza vibaya.

Siku ya Kailpodh ya mwaka jana maganda matatu yalipasuka. Mawili yalipasuka mdomoni, jambo la kawaida kwa shaba iliyochoka. La tatu lilikuwa na ufa begani, pale ganda linapoanza kuwa jembamba, na Uthaiah alilitia mfukoni. Miezi mitatu baadaye, kwenye Puthari, mwenyekiti wetu, Muddappa, afisa mstaafu wa jeshi mwenye cheo cha Subedar, alipiga mlio wa mavuno. Ganda lilichanika ndani ya bunduki, na moto wa baruti ukarudi nyuma. Jicho lilipona. Unyusi wa kushoto uliteketea, na shavu liliungua kiasi cha kiganja cha mtoto. Waliokuwa wameshika mashuke walibaki nayo mikononi, na wimbo haukuendelea.

Kamati ilikutana kesho yake. Mweka hazina wetu, Bwana Somaiah, ambaye kwa miaka kumi amekuwa akisema bunduki hiyo iwekwe ndani ya sanduku la kioo, alikuwa na jibu tayari.

"Mkono wa Uthaiah umezeeka," alisema. "Anatia baruti kwenye ganda, anasahau, anatia tena."

Uthaiah alikuwa amesimama mlangoni. "Ganda lile likijazwa mara moja linajaa, Somaiah. Ningetia mara ya pili, baruti ingemwagikia viatu vyako."

Ulikuwa ukweli ambao mtu yeyote aliyewahi kushika ganda hilo angeujua. Hata hivyo kamati haikuwa na moyo wa kupima ukweli asubuhi hiyo, huku mwenyekiti akiwa amefungwa bendeji. Tulimnyang'anya ufunguo, tukalifunga sanduku la maganda kwa lakiri, na tukaahirisha kuagwa kwake.

Wanachama wapya huenda hawajui uzito wa adhabu hiyo. Kwa desturi ya klabu, fundi anayestaafu ndiye anayepiga risasi ya kwanza kwenye nazi katika Kailpodh inayofuata, mbele ya koo zote, kwa risasi aliyoijaza mwenyewe. Mtu ambaye baruti yake imemchoma mwenyekiti hawezi kupewa heshima hiyo. Uthaiah angeondoka akiwa fundi aliyeharibu, na wajukuu wake wangeambiwa hivyo kwenye kila harusi.

Hakulalamika. Aliandika orodha ya watu anaowashuku. Wa kwanza alikuwa Somaiah, kwa sababu ya sanduku lake la kioo. Wa pili walikuwa jirani zetu wa klabu ya Ponnakeri, ambao hawajaipiga nazi hata moja kwa miaka mitano. Wa tatu alikuwa muuza baruti. Mimi nilikuwa wa nne, na sikuambiwa sababu. Baadaye nilikuja kuijua bila kuambiwa.

Kisha aliomba jambo moja tu: aruhusiwe kuyakagua maganda yote sitini, saa moja kila siku, mbele yangu. Kamati ilikubali, nami nikaketi naye kwenye meza ya karata kuanzia Januari.

Lundo la kwanza lilikuwa la maganda kumi na tisa yenye nyufa mdomoni. Hayo hayakumtatiza. Shaba hukakamaa kila inapopanuka na kubanwa tena, na isipolainishwa kwa moto kwa wakati wake, hupasuka. "Haya ni kosa langu," alisema, akaandika hivyo hivyo katika daftari. "Nilichelewa msimu mmoja." Nilimtazama mtu ambaye tulimtuhumu kwa uongo akijishtaki bila kuulizwa.

Lundo la pili lilikuwa la maganda sita yenye mstari unaong'aa juu kidogo ya kitako. Alichukua waya aliokunja ncha yake kama ndoana, akauingiza ndani na kuuvuta polepole ukutani mwa ganda. Ncha ilinasa. Alinipa nami nijaribu, nikahisi mfereji ambao macho hayauoni. Hayo yalikuwa yamevutika na kuwa membamba, na yangekatika vipande viwili baada ya mapigo machache. Sababu yake ilikuwa bunduki yenyewe: kwa umri wake, mlango unaofunga nyuma ya ganda umelegea, na ganda hukosa kuegemezwa barabara linapopigwa. Hilo nalo lilikwenda daftarini.

Lundo la tatu lilikuwa na maganda kumi na moja, na hayo aliyageuzageuza kwa siku mbili. Nyufa zilikuwa begani, nyembamba kama unywele, na kingo zake zilikuwa na rangi ya buluu. Manne kati ya hayo yalikuwa risasi kamili zilizojazwa Agosti na kufungwa kwa nta. Hazikuwa zimewahi kukaribia bunduki.

Aliiweka moja mbele yangu. Ilikuwa namba 31.

"Hili halijapigwa," alisema. "Baruti ya nani imelipasua?"

Baruti iliyolala haipasui kitu. Kwa hiyo tuhuma ya Somaiah ilianguka palepale, ingawa mwenyewe hakuisikia ikianguka. Lakini kwa Uthaiah jambo lilizidi kuwa baya. Ikiwa si baruti, basi ni mkono wa mtu. Mtu alikuwa akiingia mahali pa maganda na kuyadhuru kwa chombo kisichoacha alama.

Hapa inanipasa kueleza mahali hapo. Kwa miaka mingi maganda yalikaa katika chumba cha fundi kando ya ukumbi. Miaka miwili iliyopita kamati iliona chumba hicho kinafaa kwa karata wakati wa mvua, na maganda yakahamishiwa darini, juu ya zizi la ng'ombe wawili wa klabu. Dari lile ni kavu hata Julai, kwa joto la wanyama walio chini. Uthaiah alipinga siku hiyo, ila alichoogopa ni wezi.

Alipata ruhusa ya kuyarudisha darini maganda mazima ishirini na manne ili atege. Alifunga uzi mweusi kwenye kifuniko cha sanduku na kunyunyiza unga wa mchele kwenye ngazi. Jumatatu hadi Alhamisi uzi ulikuwa salama. Ijumaa ulikuwa umekatika, na kwenye unga kulikuwa na nyayo za mtu mwenye mguu mdogo. Wiki ya pili ilikuwa hivyohivyo. Wiki ya tatu alijificha nyuma ya mabua, na aliyepanda alikuwa Chondamma, mjane anayetupikia na kufagia klabu kwa mwaka wa kumi na sita, akiwa na ufagio mdogo na chungu.

Aliletwa mbele ya kamati siku hiyohiyo. Naona aibu kusema kwamba hakuna aliyempa kiti.

"Nani amekutuma?" Uthaiah alimuuliza.

"Nitumwe na nani, kaka? Natakasa," alijibu Chondamma. "Vitu vya bunduki vinawekwa mbele ya mababu siku ya Kailpodh. Nyie mmevitupa juu ya zizi kama magunia ya pumba, halafu mnacheza karata pale vilipokuwa. Lazima awepo mtu mmoja wa kuviheshimu."

Kila Ijumaa, kwa miaka miwili, alikuwa akifagia dari na kunyunyiza mkojo wa ng'ombe kuzunguka sanduku, na matone mengine juu yake, kama tunavyofanya sote nyumbani baada ya msiba. Somaiah alicheka, akasema kwamba kama mkojo wa ng'ombe ungevunja shaba, taa za bibi yake zingekuwa unga. Wengi walitikisa kichwa kumkubalia. Hakuna mtu wa wilaya yetu ya Kodagu ambaye angeweza kufikiri kwamba kitu tunachotakasia nyumba kingeweza kudhuru chochote.

Uthaiah naye hakuamini. Alichoamini ni kwamba Chondamma amelipwa na Ponnakeri. Lakini alikichukua kile chungu, akakinusa, na macho yake yakatoka machozi. Alinusa tena. Kisha aliomba vyungu viwili.

Katika chungu cha kwanza aliweka nyasi za zizini, zilizolowa mkojo wa ng'ombe, na juu yake, kwenye kipande cha wavu ili yasiguse, maganda matatu mazima. Katika cha pili aliweka majani makavu ya mpunga na maganda matatu mengine. Vilifunikwa vyote viwili, vikatiwa lakiri yangu, vikafungiwa katika kabati ambalo ufunguo wake aliushika Somaiah. Uthaiah ndiye aliyetaka Somaiah aushike. "Asije akasema nimevichezea," alisema, "na mimi nisije nikasema amevichezea yeye, maana nitakuwa nimelala mbele ya kabati." Alilala hapo kweli, siku ishirini na nne, mkeka wake ukiwa umetandikwa mlangoni pa kabati. Katikati ya siku hizo ilifika tarehe 31 Machi, akastaafu akiwa juu ya mkeka huo.

Kwa nini basi uchunguzi ukaendelea hadi Julai? Kwa sababu kamati haikuridhika na mara ya kwanza, wala na mara ya pili. Somaiah alidai maganda yachaguliwe kwa kura. Yakachaguliwa kwa kura, kutoka yaleyale yaliyobaki mazima, na yaliyokaa kwenye majani makavu yakarudishwa sandukuni kila mara bila dosari. Matokeo hayakubadilika.

Mara ya tatu Subedar Muddappa alivifungua vyungu mwenyewe. Alipoinamia kile cha kwanza, harufu ilimpiga usoni, akarudi nyuma hatua mbili. Mawili kati ya maganda matatu yalikuwa na nyufa begani zenye kingo za buluu. La tatu lilipasuka alipolibana kwa koleo, kama ganda la yai. Yale ya chungu cha pili yalikuwa mazima. Uthaiah alieleza kwa maneno machache: ganda lililobanwa kwenye kalibu hubaki limekaza misuli begani, na mvuke ule mkali, ambao wenye maduka ya dawa huuita amonia, hupenya pale panapokaza. Ganda zima haliwezi kulainishwa kwa moto, maana kitako nacho kingelainika. Dawa pekee ni kuliweka mbali na mvuke huo.

Subedar aligusa mahali unyusi ulipokuwa umeanza kuota. Alisema kwamba alipokuwa jeshini milimani, mtunza ghala mmoja mzee hakukubali kamwe masanduku ya risasi yakae karibu na zizi la nyumbu wa mizigo. "Tulimwona mshirikina," alisema. "Tulimcheka mpaka siku aliyoondoka."

Baada ya hapo nilileta kitabu cha kumbukumbu, kwa kuwa ilikuwa kazi yangu kukileta. Matone ya Chondamma yalizidisha, lakini ng'ombe wawili chini ya mbao zenye mianya, kwa misimu miwili ya mvua na madirisha yakiwa yamefungwa, wangetosha. Aliyeyapeleka maganda kule hakuwa Chondamma wala Uthaiah. Ni azimio la tarehe 9 Mei, mwaka juzi, la kupata chumba cha karata. Lilipendekezwa na katibu, na chini yake kuna saini ya katibu. Nililisoma kwa sauti. Uthaiah alitoa orodha yake mfukoni, akaitazama, na kuirudisha.

Alizungumza na Chondamma tu. "Dada, usiache kutakasa," alimwambia. "Ila takasa kwa maji."

"Na wewe usinimwagie tena unga ngazini," Chondamma alijibu. "Nimefagia wiki nzima, na panya wamenenepa."

Hivyo ndivyo fundi wetu alivyofanya kazi kwa miezi minne baada ya kustaafu, bila kuajiriwa na bila kuaminiwa, na kutupatia maarifa ambayo klabu hii haikuwa nayo. Maganda kumi na tano mazima yamebaki. Yanakaa katika chumba cha karata, ambacho kuanzia sasa si cha karata tena. Kila Jumapili Uthaiah hutembea kilomita tatu kuja kuyahesabu, mara moja mbele yangu na mara moja nikigeuka.

Jina lake limesafishwa, na kamati imeandika hivyo. Lakini swali la risasi ya kwanza halijajibiwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyelifanya gumu. Yale maganda sita ya lundo la pili yanasema kwamba mlango wa bunduki umelegea, na angeweza kuyaficha, ushahidi huo ukafa. Somaiah ameushika kwa mikono miwili: bunduki ni mbovu, na iende kwenye kioo kabla ya Kailpodh. Wajumbe wawili wanakubaliana naye. Watatu, mimi nikiwa mmoja wao, tunataka ilie mara moja zaidi, kwa ganda zima kabisa lililopimwa kwa waya, watu wote wakiwa wamesimama mbali. Kura ya saba ni ya Subedar Muddappa, na shavu lake bado lina kovu. Nimemwuliza mara mbili, naye amenijibu kwamba atatamka siku ya kikao tu. Uthaiah hakuomba kitu. Aliniletea karatasi yenye mstari mmoja: "Namba 12. Nitapiga mimi, asisimame mtu nyuma yangu."

Bwana Uthaiah, kwa niaba ya wanachama wote, pamoja na wale walioiamini tuhuma, tunakushukuru kwa miaka thelathini na minane ya mikono makini na macho yasiyolala. Tunakuombea wewe na nyumba yako afya, mavuno ya kutosha na majirani unaoweza kuwaamini, kama wapo.

Kamati itakutana tarehe 24 Agosti. Uamuzi ukishatolewa, uwe wa kioo au wa nazi, nitauandika hapa pamoja na jina la kila aliyepiga kura na alivyopiga.

Katibu, Klabu ya Shabaha ya Maletiri